Wiki ya Kulala, Wiki ya Kukesha

Wang'uru, Mwea
Jumanne, 6 Mei 2025

Mama mpendwa,

Salamu kutoka huku kwenye joto na mbu. Sisi sote ni wazima. Wajina wako anaongea kutwa kucha, na siku hizi ameanza kumtuma baba yake kazi. Mwai anasema hiyo ndiyo hasara ya kumpa mtoto jina la mama yako mzazi.

Sasa nisikilize kama nesi, kisha baadaye utanisikiliza kama mke wa mwanao. Nikikupigia simu nauliza, "Mama, umelala?" Unajibu, "Nimelala vizuri kabisa," halafu namsikia ng'ombe, na simu inakatika. Sijui kama umelala au umenifukuza. Kwa hiyo tuandikiane. Gicheru akishuka na ndizi za Mukurweini Jumanne na Ijumaa, hupitia hapa kuchukua mchele baada ya soko la Kagio. Atakuwa tarishi wetu.

Nimempa daftari. Kuanzia Jumatatu ijayo andika kila asubuhi: umelala saa ngapi, umeamka mara ngapi, na vidole vimechukua muda gani kulegea. Chai mwisho saa kumi jioni. Amka saa ile ile kila siku, hata kama usiku ulikuwa mbaya. Ukikosa usingizi usigaagae, toka kitandani ukae kwenye kiti mpaka macho yawe mazito. Weka mto katikati ya magoti. Na vile vidonge vyako vimezwe asubuhi baada ya uji, kamwe si jioni, kwa sababu vikimezwa jioni vinakesha na wewe.

Sikuoni kama mtoto, Mama. Ugonjwa huu wa viungo ni mwili kujipiga wenyewe. Maumivu yanaiba usingizi, na ukikosa usingizi maumivu yanazidi. Tarehe 19 Juni unarudi kliniki Nyeri, na daktari atatazama daftari hilo aamue kama dawa inafanya kazi. Akiona haifanyi, atakuhamisha kwenye dawa kali zaidi. Na kiungo kikishaharibika hakirudi. Hiyo ndiyo inayonitia hofu.

Wako,
Nekoye


Mukurweini
Jumanne, 20 Mei 2025

Nekoye mwanangu,

Nimepokea daftari na amri zako. Nilipoolewa, mama mkwe ndiye aliyekuwa akitoa amri. Naona mambo yamegeuka na hakuna aliyeniarifu.

Lakini nikuambie ukweli, nimelala. Nimelala tangu Jumatatu hadi Jumapili. Jumatano nililala saa tatu nikashtushwa na jogoo. Vidole vililegea kabla uji haujachemka. Nimekamua ng'ombe kwa mikono miwili, na hata nimechuma kahawa kidogo upande wa chini, usimwambie Mwai. Chai ya jioni imenitesa kuliko ugonjwa. Rafiki yangu Watiri, yule mwenye duka pale stendi, anakuja jioni namsomea barua yako, tunakunywa maji ya moto tukitazamana kama wafiwa.

Kurasa saba nimekutumia. Tazama mwandiko wangu, kama wa msichana wa shule. Mbusu wajina.

Mama yako,
Murugi


Mukurweini
Jumanne, 27 Mei 2025

Nekoye,

Wiki hii haikuwa nzuri. Nimekaa kwenye kiti kama ulivyosema mpaka nimekijua. Sioni vizuri nikikosa usingizi, ndiyo maana mistari imepinda. Kalamu nimeishika kwa ngumi.

Ng'ombe amekamuliwa na jirani. Usije. Itapita.

Murugi


Wang'uru, Mwea
Ijumaa, 30 Mei 2025

Mama,

Nimepanga kurasa kumi na nne mezani na sielewi. Wiki ya kwanza unalala kwa saa saba bila kuamka. Wiki ya pili unalala kwa saa mbili tu, unaamka mara tano, na vidole vinakaa vimekaza mpaka saa tano asubuhi. Nilidhani umeandika wiki ya pili ukimfikiria mtu mwingine.

Nisaidie kuelewa. Je, ulirudia chai? Usinidanganye, hata mimi ningerudia. Baridi iliingia wiki hiyo? Huku hatujui baridi, lakini nasikia kwenu ukungu umeanza kukaa mpaka saa nne. Ulilala mchana? Ulibeba kahawa mgongoni, ile ambayo nisimwambie Mwai? Kuna jambo linalokusumbua moyoni ambalo hutaki kuniambia mimi kwa sababu sikuzaliwa huko?

Na la mwisho: vidonge unameza kila asubuhi?

Nilimuuliza Mwai akasema, "Mathe huwa hivyo, leo yuko juu, kesho yuko chini, wachana na hiyo maneno." Sijaridhika.

Wako,
Nekoye


Mukurweini
Jumanne, 3 Juni 2025

Nekoye mwanangu,

Punguza wasiwasi, nimelala tena. Wiki nzima. Jana nimepeleka maziwa mwenyewe, na karani akaniuliza kama nimeoga kwa maji ya baraka.

Maswali yako nayajibu moja moja kama mtihani. Chai sikunywa. Baridi ipo, lakini ilikuwepo wiki ya kwanza pia, na nililala. Mchana sikulala, ningelala saa ngapi nikiwa na kuku, ng'ombe na kanisa? Kahawa ilibebwa na boda. Kuhusu kuzaliwa huku, uliniletea mjukuu ukakubali aitwe jina langu ilhali kwenu mna majina yenu mazuri. Hilo nililiweka moyoni na halijatoka. Usiulize tena swali kama hilo.

Vidonge huisha siku ile ile vinayotakiwa kuisha. Mwulize mtu wa dawa wa kliniki, atakuambia sijawahi kurudi na kidonge hata kimoja.

Mimi mwenyewe sielewi kwa nini daktari anataka kuandikiwa usingizi. Usingizi si wa kuandika. Unakuja au hauji.

Mama yako,
Murugi


Wang'uru, Mwea
Jumanne, 10 Juni 2025

Mama,

Gicheru ameniletea kurasa za wiki iliyopita, na zimepinda tena. Kabla sijasoma neno nilijua kutoka kwenye mwandiko. Wiki moja umenyooka, wiki moja umepinda. Wiki moja unalala, wiki moja unakesha. Ugonjwa huu hupanda na kushuka, lakini haufuati kalenda, Mama. Haujui Jumatatu ni nini.

Nimempigia muuguzi ninayemjua pale kliniki. Amesema kama daktari ataona kurasa kama hizi, atasema dawa imeshindwa na atakubadilishia. Dawa anayoifikiria inahitaji kupimwa damu kila mara, na ini lako si la kuchezewa. Sitaki upewe bure kitu ambacho huhitaji.

Nimekaa nikifikiri ni nini kinachokuja wiki moja na kuacha nyingine. Nisamehe kwa nitakalosema, lakini lazima nilitoe.

Mwai alinieleza kuhusu Watiri, ambaye yeye humwita Tata kama shangazi yake. Kwamba mwaka jana kwenye mkutano wa injili alipanda jukwaani, akatoa ushuhuda kwamba ameponywa viungo, akatupa vidonge vyake na kadi ya kliniki motoni mbele ya watu wote, na watu wakaimba mpaka asubuhi. Na tangu siku hiyo yuko kwako kila jioni. Nadhani kuna wiki anakushinda kwa maneno ukaacha dawa kuonyesha imani, na wiki nyingine unamshinda ukarudia. Imani ni yake na siikatai, mimi pia nasali. Lakini kama yeye amepona, asiuchezee mwili wa mtu ambaye hajapona. Mwambie hivyo, au nitakuja nimwambie mwenyewe.

Wako mwenye hasira na upendo,
Nekoye


Mukurweini
Ijumaa, 13 Juni 2025

Kwa Mama Murugi mdogo, mke wa Mwai,

Samahani kwa mwandiko. Wiki hii si yangu.

Ni mimi Watiri. Barua zako huwa ananisomea kwa sauti jioni, na tunacheka, kwa sababu unaandika vizuri. Ya juzi alifika katikati akaikunja akasema imeisha. Niliona ukurasa wa nyuma umejaa maandishi. Alipotoka kumpa ng'ombe maji nikaisoma. Najua si vizuri. Lakini jina langu lilikuwa humo.

Sijamwambia aache dawa. Naila mimi.

Sikiliza, nami nitajaribu kukueleza ingawa mimi mwenyewe sijielewi. Ile siku ya mkutano sikudanganya. Niliamka asubuhi bila maumivu popote. Nilikuwa nimeugua miaka tisa, na asubuhi hiyo nilifunga vifungo vya blauzi peke yangu. Mhubiri alipouliza nani amegusa uponyaji, mguu wangu ulipanda ngazi kabla sijaamua. Niliona watu wanalia kwa furaha kwa ajili yangu. Vidonge na kadi vikaenda. Nililala usiku ule kama mtoto, na kwa miezi mitano nikalala hivyo hivyo.

Halafu ikarudi. Ilianza kwenye kidole kimoja, nikajiambia ni mwiko wa ugali. Kisha magoti. Nikawa nafungua duka nikiwa nimeketi ili watu wasinione nikitembea. Ningeenda kliniki vipi? Benchi la pale ni kama kanisa letu limehamishwa, nusu ya watu unawajua. Mtu akiniona nimekaa hapo, atasema nilimdanganya Mungu hadharani. Na mimi sijui kama nilimdanganya. Usiku nikiwa macho ndicho ninachojiuliza. Alinipa akaninyang'anya? Au hakunipa? Au alinipa miezi mitano tu, na mimi ndiye niliyeongeza milele?

Murugi alinikuta dukani siku moja nikishindwa kufungua mfuko wa sukari. Aliufungua yeye. Jumatatu iliyofuata alikuja na vidonge vya siku saba ndani ya karatasi ya daftari. Akasema, "Wiki hii ni yako, ijayo ni yangu, wacha tulale zamu." Nilikataa mara moja tu. Maumivu hayana heshima. Tumefanya hivyo tangu Novemba.

Daftari lako linasema ukweli, Mama Murugi. Zile wiki zilizopinda, mimi nililala vizuri.

Jumapili tarehe 22 ni mwaka mmoja tangu uponyaji wangu. Mchungaji ameniomba nisimame tena niushuhudie. Sijui nitasema nini. Usimkasirikie Murugi. Hajui kama nimekuandikia.

Watiri


Wang'uru, Mwea
Jumanne, 17 Juni 2025

Mama, na Tata Watiri,

Barua hii ni yenu wote wawili, isomeni hadi ukurasa wa nyuma.

Kwanza Tata, nisamehe. Nilikuhukumu kwa akili yangu ndogo nikajiona mjanja. Ulikuwa unasikiliza barua zangu kila jioni nami nikikuchora kama mwizi wa imani. Nimelia kazini, mgonjwa mmoja akanipa kitambaa.

Pili, ile asubuhi ya vifungo ilikuwa kweli. Nakuambia kama mtu anayewaona wagonjwa hawa kila mwezi. Ugonjwa huu unaweza kulala wenyewe miezi mingi, mtu akawa mzima kabisa, kisha ukaamka. Tunawaona. Ni nani aliyeulaza, mimi si mtu wa kukuambia. Lakini hukusema uongo. Ulisema kilichokuwa mwilini mwako siku ile.

Tatu, na hapa nawakemea wote. Vidonge hivi haviachwi ghafla na kuanzwa ghafla. Mwili unavizoea, ukivikosa wiki nzima unaporomoka, na siku moja unaweza kuanguka na usiinuke. Mlikuwa mnagawana usingizi kwa kugawana hatari. Mama, kwa upande wa baba yako kuna kisukari, na vidonge hivi hupandisha sukari, na hukufikiri hata hilo. Nimekukasirikia sana, na wakati huo huo nimejivunia kuolewa nyumbani kwako, sasa sijui nianze na lipi.

Mama, kuanzia leo meza vyote, kila asubuhi. Alhamisi mwambie daktari ukweli ili asikubadilishie dawa. Na Tata, Alhamisi njoo naye. Wewe pia huwezi kukaa bila kitu sasa. Kadi mpya inaandikwa kwa dakika tano. Hakuna atakayeuliza ya zamani iko wapi.

Binti yenu,
Nekoye


Mukurweini
Jumanne, 24 Juni 2025

Nekoye mwanangu,

Nilipojua Watiri amekuandikia sikumsemesha siku mbili. Nilidhani siri ni yangu, kumbe ilikuwa yake na alikuwa na haki ya kuitoa. Hilo nimelielewa polepole, kama vidole vyangu vinavyoelewa asubuhi.

Alhamisi tulienda Nyeri. Tulifika hadi langoni. Watiri akaona kwenye benchi wanawake wawili wa kwaya yetu, akasema amekumbuka kununua dawa ya kuku, akageuka. Nilimwona akishuka ule mteremko akishikilia ukuta. Nilitaka kumfuata, lakini jina langu likaitwa. Daktari alifungua daftari, akapindua kurasa mbele na nyuma, akakuna kichwa. Akaniuliza, "Mama, hii ni ya mtu mmoja?" Nikamwambia hapana. Jina sikutaja. Hakunifokea, na afadhali angefoka. Dawa hakubadilisha. Amesema tuanze upya, dawa zote ziwe zangu, nirudi tarehe 17 Julai.

Ijumaa asubuhi Watiri alikuja kwangu. Nilijua amekuja kwa sababu ilikuwa wiki yake na sikuwa nimempelekea vidonge. Chupa ya vidonge ilikuwa mezani katikati yetu. Nekoye, nimemzika mume, lakini sijui kama nimewahi kuona ugumu kama ule wa kuichukua chupa ile na kuitia mfukoni. Alitikisa kichwa akasema, "Iko sawa, Murugi. Ni vile nilikuwa nimezoea njia." Akaenda zake. Usiku huo nilifuata kanuni zako zote na sikulala hata lepe. Hiyo usiandike kwamba ni ugonjwa.

Jumapili kanisa lilijaa. Mchungaji alimwita. Alitembea taratibu, na kipaza sauti alikishika kwa mikono miwili. Nilidhani atasema maneno ya mwaka jana, na moyoni nilikuwa nimeshamsamehe. Akasema hivi, nakuandikia kama alivyosema:

"Mwaka jana nilisimama mbele yenu nikasema nimepona. Sikuwa nadanganya, ile siku hakuna mahali ilikuwa inauma. Lakini imerudi. Iko na miezi saba. Na kuna mtu amekuwa akikosa usingizi juu yangu, kwa sababu niliona haya kuwaambia nyinyi. Sijui Mungu alifanya nini na mimi. Mkitaka kuniombea, niombeeni nikiwa mgonjwa."

Hakuna aliyesema amina. Mchungaji alifunga Biblia yake, kisha kwaya ikaanzishiwa wimbo. Baada ya ibada watu walipita kando yake kama maji yanavyopita jiwe. Nilimshika mkono tukaenda nyumbani, na njiani nilikuwa na hasira hata na miti. Yeye alikuwa ametulia. Aliniambia hajui amefanya vizuri au vibaya, ila anahisi usingizi. Alilala kwenye kochi langu mchana kutwa, na amri yako ya kutolala mchana nikaivunja kwa niaba yake.

Sasa nikueleze ya jana. Tulikuwa kwenye foleni ya maziwa asubuhi, Watiri amekuja kunisaidia kubeba mkebe ingawa hata yeye hawezi, kwa hiyo tulikuwa tumeushika wote wawili upande na upande. Wanawake hawakutusalimia. Ukungu ulikuwa mzito. Nikawa najuta kumleta. Halafu Beth wa kwaya, mmoja wa wale wawili wa benchi, akatoka mbele kwenye foleni, akaacha nafasi yake, akaja nyuma tulipokuwa. Hakutazama mtu. Akasema na Watiri kwa sauti ya chini, "Mimi huambia watu napeleka mama yangu kliniki. Mama yangu alikufa." Akavua glavu ya sufu akaonyesha vidole. Vimepinda kuliko vyangu.

Mwanamke aliyekuwa mbele yetu akageuka. Kisha mwingine akasogeza mkebe wake karibu. Mmoja akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya, "Kwani hiyo kliniki ni siku gani?"

Watiri akajibu kwa sauti ya kawaida, foleni nzima isikie. "Ni Alhamisi hii, wanaandika kadi mpya. Mimi naenda. Tutoke hapa saa kumi na mbili, tukae benchi moja."

Niliweka mkebe chini nikalia. Karani wa maziwa alikuja mbio akanishika, akidhani ni mikono inauma.

Mama yako,
Murugi